Filamu ya Watoto Iliyoniponza Maktabani

Nawasimulia ninyi kwa sababu hamnioni usoni. Wiki iliyopita niliitwa kwenye usaili wa kazi ya kupanga vitabu katika maktaba moja hapa mtaani kwetu Tooting. Nilifika mapema, nikaketi mbele ya televisheni ya wasomaji, nikavaa hedifoni na kuweka kanda ya filamu fupi ya zamani. Watoto waliovaa suti za kizee walikuwa wakiimba, wakicheza na kuangukia keki. Nilinogewa.

Muda si muda watu wakaanza kunigeukia. Nikajua ni koti langu jipya, nikanyoosha kola. Babu mmoja akaziba masikio. Nikamwonea huruma, nikidhani yanamuuma. Kisha mama wa maktaba akanitazama sana, akaweka kidole mdomoni. Mjinga mimi, nikaona nimependwa. Nikamkonyeza.

Akaja, akanivua hedifoni taratibu. Maktaba nzima ilikuwa kimya, isipokuwa sauti moja nyembamba ya kitoto iliyokuwa ikimalizia kiitikio. Ilikuwa yangu.

“Samahani, bwana,” akaninong'oneza, “usiniambie wewe ndiye uliyekuja kwa usaili.”