Vikuba vya Bibi Ndani ya Theluji

Harufu ya asumini mbichi hunirudisha moja kwa moja kwenye nyumba yetu ya Deira, katika nchi za Waarabu, msimu wa baridi ambao Bibi alikuja kwetu kutoka Unguja. Babu alikuwa amefariki, na Baba hakutaka mama yake abaki peke yake. Bibi alikubali, lakini kwa shingo upande. Kila jioni alimkumbusha Baba tiketi ya kurudi, akisema mkataa kwao ni mtumwa, tena nchi gani hii, vioo na vumbi tu, hata ua la kunusa ulinunue. Mimi nilikuwa mtoto wa pekee, na wazazi wangu walishinda kazini. Kwa mara ya kwanza nilikuwa nikitoka skuli nakuta mtu nyumbani, na kila nikisali nilimwomba Mungu tiketi ile ipotee.

Ijumaa moja wanawake wa Kizanzibari wa mtaani walimwalika kwenye maulidi ya jioni. Bibi akachangamka. Akaagiza maua kwa Mhindi mmoja muuza maua, akaketi mkekani kufunga vikuba, vile vishada ambavyo wanawake wa kwetu hubandika kifuani: asumini nyeupe, waridi jekundu, mrehani wa kijani. Lakini siku hiyo hiyo Baba alikuwa ameahidi kunipeleka kwenye theluji, ile inayotengenezwa ndani ya jengo la maduka, basi tukaenda sote, na vikuba pia, ili Bibi apitilize maulidini. Bibi alivaa koti la kuazima juu ya buibui, akakaa kwenye benchi akitetemeka. Aliniruhusu nivipange vikuba juu ya theluji, na rangi zile juu ya weupe ule zilinifanya nisahau hata kuteleza. Kisha wazo likamjia. Nyumbani vikuba hulazwa penye ubaridi na unyevu ili visinyauke. Basi hapa si ndiyo neema yenyewe? Akavifunga kwa leso, akavifukia.

Tulipovifukua vilikuwa vigumu kama kokoto. Nje, kwenye jua, vikalegea na kugeuka rangi ya chai. Nikalia, maana nilijua sasa Bibi ataondoka. Baba akatupitisha kando ya barabara, kwenye matuta ya maua ya petunia, ya zambarau, manjano na mekundu, akamweleza mama yake kwamba huku maua huja na baridi. Bibi aliinama akayagusa moja moja. Alisema hayanuki, ila hakuwa na haraka ya kuondoka.

Maulidini alikwenda mikono mitupu, akakisimulia kisa chote mwenyewe. Wanawake walicheka mpaka wakafuta machozi, naye akacheka nao. Mwenye nyumba, aliyehamia Deira tangu usichana wake, akamshika mkono.

"Usione haya, Bi Mkubwa. Miye mwaka wangu wa kwanza niliumwagia mche maji ya barafu, nadhani naupoza. Khalas, ukafa."

Akampa mche wa asumini kutoka kwenye roshani yake.

Asubuhi yake Baba alimuuliza mama yake ataitumia lini ile tiketi. Bibi alikuwa amechutama barazani, vidole vimejaa udongo.

"Ngoja kwanza," alisema. "Nikenda zangu, huu atautia maji nani?"

Alikaa nasi mpaka nikaolewa.

Siku hizi naishi Mirdif, mtaa mwingine wa mji ule ule, kwenye nyumba yenye ua mpana, na wanangu wanaiona theluji ya ndani kuwa jambo la kawaida. Mji umejaa maua kuliko zamani. Mama mkwe wangu amefika majuzi kutoka Unguja, na kila jioni anauliza lini anarudi. Sibishani naye. Jana nilimpa mche wa asumini, nikamwonyesha bomba lilipo.