Kilo Sitini na Mbili za Mchanga

Shemeji yangu Festo aliingia kwenye mashindano ya baiskeli kwa sababu ya neno "sawa". Mwalimu Ngollo alimkuta amesimama nje ya kanisa letu la Moravian hapa Goweko, akamuuliza kama amwandike jina, naye akajibu sawa. Ungemuuliza kama umkate mkono wa kushoto, angejibu sawa pia. Dada yangu Recheli alikuwa amefariki mwaka mmoja na miezi saba kabla ya hapo, na hilo ndilo neno mumewe alilobaki nalo.

Msibani hakulia. Watu walimsifu kwamba ni mwanamume kwelikweli. Mimi sikuona uanaume pale. Niliona mtu aliyekalia mguu wake mpaka ukafa ganzi, asijue kama bado anao. Alilima tumbaku, akaikausha, akala alichowekewa. Niliogopa kwamba atakwisha vilevile, akiwa amesimama, na sisi tuendelee kumsifu.

Kisha kulikuwa na gunia. Kwa miaka ishirini na nne Recheli alipanda keria ya baiskeli ile kila Jumapili, amekaa upande, kitabu cha nyimbo mapajani. Alipofariki, Festo alitia mchanga kwenye gunia la katani, akalifunga keriani kwa mipira ya tyubu, na tangu hapo hakwenda popote bila hilo gunia. Ukimuuliza, anasema, "Baiskeli tupu inanitupa." Watu walicheka. Walisema Mnyamwezi na mzigo ni damu moja, babu zetu waliwabebea watu pembe za ndovu mpaka pwani, na huyu amekosa cha kubeba ameamua kubeba ardhi. Mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi.

Nami nilicheka, nisijitoe. Nilicheka mpaka siku Mathias, mpimaji wa chama chetu cha tumbaku, aliponiambia kwamba Festo aliwahi kulipeleka gunia lile kwenye mizani ya ghala. Alikuwa akitoa mchanga na kuongeza kwa kiganja, anatoa, anaongeza, mpaka mizani iliposoma sitini na mbili. Hizo ndizo kilo zilizoandikwa kwenye kadi ya kliniki ya Recheli. Sikumwambia mtu. Nilikasirika, na mpaka leo sijui nilimkasirikia nani.

Mashindano yenyewe yalitoka kichwani mwa Ngollo. Aliona kwenye simu Wazungu wakishindana baiskeli matopeni, na wakifika penye kizuizi wanazibeba begani. Wazee walimwambia kwamba hayo si mashindano, hiyo ni safari ya kawaida ya Goweko mwezi wa tatu. Lakini jogoo wa zawadi alikuwa mnene, wakajiandikisha watu kumi na tisa. Walitakiwa kuzunguka mara tatu: kutoka kanisani kwa barabara ya mchanga, kupita kwenye mabani ya kukaushia tumbaku, kushuka mbugani kwenye udongo mweusi, kuvuka gogo la mninga, na kurudi kanisani. Kwenye gogo ni marufuku kuburuta, baiskeli ibebwe. Nikapewa kitambaa chekundu nisimame hapo nione kwamba hakuna anayedanganya.

Vijana walipita wakipiga kelele, miguu myeusi mpaka magotini. Wa mwisho alikuwa Festo, mtu wa miaka hamsini na mmoja, suruali ameikunja, gunia liko keriani. Akashuka. Akafungua mipira bila haraka, akaibeba baiskeli, akavuka. Akarudi, akalitwaa gunia begani, akavuka nalo. Akalifunga upya, mpira kwa mpira, akaondoka. Waliokuja kutazama walishika mbavu. Yeye uso wake haukubadilika hata kidogo.

Mzunguko wa pili alikuja vilevile, gunia limelowa tope. Akaanza kufungua mipira.

"Shemeji, unafanya nini?" nikamuuliza.

"Navuka."

"Na hilo?"

"Nalivusha."

"Dada yangu ulimvusha tope lini?"

Mkono wake ukasimama kwenye mpira.

"Recheli hakubebwa na mtu," nikamwambia. "Mkifika kwenye tope alishuka mwenyewe. Akavua viatu, akavuka, akakungoja ng'ambo akikucheka unavyoteleza. Leo unamzungusha kama mgonjwa."

Sauti ilinitoka kubwa kuliko nilivyotaka, na watazamaji wakageuka. Nilingoja aseme sawa. Hakusema. Alimaliza kufungua, akalishusha gunia, akaliegemeza kwenye gogo mahali pakavu.

"Baki naye," akaniambia.

Akavuka na baiskeli, akapanda. Kweli ilimtupa, kama alivyokuwa akisema siku zote. Hatua ishirini tu, akaingia topeni kifudifudi. Akainuka, akatema udongo, akacheka. Nilikuwa nimekisahau kicheko kile, kilikuwa kikimuudhi sana dada yangu ibadani. Akapanda, akaanguka tena. Mara ya tatu baiskeli ilimkubali, naye akaenda amesimama juu ya pedali, akipiga kengele wala mbele yake hapakuwa na mtu wa kumpisha.

Mzunguko wa tatu aliwakuta wenzake wamekwama mbugani, mmoja mnyororo umekatika, wengine wanachokoa tope kwa vijiti. Akawapita. Alivuka gogo baiskeli iko begani kama jembe, mdomo wazi, meno yana tope, wala hakunitazama.

Akamaliza wa kumi na mbili. Kisha akarudi gogoni akiikokota baiskeli, akakaa juu ya gogo, bado anacheka. Halafu kicheko kikamharibikia.

"Dafrosa," akasema, "Recheli amekufa."

"Ndiyo, shemeji. Amekufa."

Akalia. Alilia kwa sauti kama watoto wanavyolia, na kamasi, bila kujificha. Kule kanisani walikuwa wanapiga makofi, mshindi anapewa jogoo wake. Nilisimama kando yake, sikumgusa.

Alipotulia tulishika gunia huku na huku, tukaumwaga mchanga pale tope lilipozidi, wapitao wapate pa kukanyaga. Gunia akalikung'uta, akalikunja, akalibana keriani.

"Uliniona nilivyompita kijana wa Renatus pale mwisho, karibu na kanisa?" akaniuliza.

Nikamwambia nilimwona, na kwamba alimpita vizuri.

Sikumwona. Alipovuka gogo mara ya mwisho nilikaa chini, nikalikumbatia lile gunia, nikainuka tu niliposikia kengele yake inarudi.