Rada tano zilizokuwa tatu: jinsi mama alivyonipa Masters ya London bila kujua

Wakuu, shikamooni wakubwa, wengine mambo vipi.

Juzi kuna member kaandika humu kwamba hesabu za signal ni za kukariri, ukimaliza mtihani unazitupa. Nimejizuia siku nzima nikashindwa. Nawasimulia yaliyonikuta, na nikiongeza chumvi mods wafute uzi.

Ilikuwa London, miaka ya mwanzo ya elfu mbili. Nasoma Masters ya engineering, nimepanga chumba Hayes, jirani kabisa na Heathrow. Ndege ikipita kikombe kinacheza mezani. Weekend nabeba mabox warehouse. Jumapili nakata mji mzima kwenda Edmonton, kwenye kanisa la ndugu zetu Wakongo, napiga ngoma kwaya.

Ngoma najua, wakuu. Sijisifu, nimelelewa kwaya Mwanza.

Sasa project yangu ilikuwa hivi. Rada inatuma mapigo mafupi mafupi ya mawimbi, na kila rada ina mwendo wake wa kupiga. Ukikaa pembeni na receiver, mapigo ya rada zote yanakuingia kwa pamoja, mchele na choroko kwenye ungo mmoja. Kazi yangu ilikuwa kuandika program ya kuyachambua na kusema: hapa kuna rada ngapi, na kila moja inapigaje.

Supervisor wangu, mama mmoja wa Kiingereza mpole lakini hana utani na kazi, akanipa recording ya majaribio. Humo ndani kuna rada ngapi anajua yeye, mimi nitafute.

Njia yangu ilikuwa rahisi. Unapima nafasi kati ya kila pigo na yale yanayolifuata, unachora chati. Nafasi inayojirudia sana inasimama kama mnara. Nikasema mnara mmoja, rada moja. Chati ikatoa minara mitano, nikaenda kifua mbele.

"Five," nikamwambia.

Akatikisa kichwa. "Look again."

Nikarudi, nikabadilisha filter, nikasafisha noise, nikaandika upya nusu ya program. Tano. Nikaenda tena, akatikisa kichwa tena. Mara ya tatu akaniambia kwa upole, na upole wa Waingereza ndiyo unaotisha, kwamba program isiyojua kuhesabu hawezi kuipeleka kwa examiner. Viva, ule mtihani wa kuitetea project kwa mdomo, ilikuwa mwezi unaofuata. Bila project hakuna digrii, narudi nyumbani na masweta tu.

Na nyumbani walishatangaziwa. Mama yangu alikuwa ameshawaambia kanisa zima kwamba mwanaye anarudi na Masters. Niliogopa, sifichi.

Kuna kitu vijana wa WhatsApp hamkijui. Enzi zile tulikuwa tunarekodi kaseti tunampa mtu anayesafiri apeleke nyumbani. Mimi nilikuwa nimemtumia mama kaseti ya kwaya ya Edmonton anisikie nikipiga. Jumamosi moja mchana nikanunua kadi ya simu, nikampigia.

Mama akasifia kwaya, akasifia sauti za Wakongo. Halafu akasema, "Ila mwanangu, huyo mwenzako wa ngoma ya pili mwambie atulie. Anaingia kabla hujamaliza."

"Mwenzangu gani mama? Napiga peke yangu."

"Usimtetee. Mmoja anawahi, mmoja anachelewa. Nina masikio."

Nikacheka. Ni kwamba Edmonton walikuwa wamenifundisha mtindo wao, nafasi fupi, nafasi ndefu, fupi, ndefu. Mwanza hatupigi hivyo. Mama amezoea ngoma yangu ya mwendo mmoja, kwa hiyo aliposikia nafasi mbili tofauti akahesabu watu wawili.

Kicheko kikaniishia mdomoni.

Wakuu, mama alikuwa amefanya kosa lilelile la program yangu.

Nilisimama na simu mkononi, mama anaita haloo, haloo, mimi nipo kwenye chati. Kama kuna rada moja inayopiga fupi-ndefu, chati itaweka mnara wa ile fupi, mnara wa ile ndefu, na mnara wa jumla yao, maana mtindo mzima unajirudia kila baada ya fupi na ndefu. Minara mitatu, rada moja. Kwenye minara yangu mitano, mmoja ulikuwa jumla kamili ya miwili mingine. Nilikuwa nautazama kila siku, sijawahi kujumlisha.

Nikamwambia mama nitampigia baadaye. Akaniuliza nimeudhika. Nikamwambia nampenda sana.

Jumatatu asubuhi nilikuwa wa kwanza lab. Kabla ya kugusa code nikataka ushahidi wa pili. Antena ya rada inazunguka, ikikuelekea mapigo yanakuwa makali, ikigeuka yanafifia. Nikachora nguvu ya hizo "rada" tatu ninazozishuku. Zinapanda pamoja, zinashuka pamoja, kila mzunguko. Zingekuwa antena tofauti zisingeweza kuelewana hivyo. Nikapiga meza kwa furaha, Mgiriki niliyekaa naye akadhani computer imekufa.

Nikaandika program upya: kabla ya kuhesabu, angalia nani anapanda na kushuka na nani, halafu angalia kama nafasi zao zinajumlishana. Ikatoa tatu.

Nikamfuata supervisor. "Three," nikasema, "and one of them walks with a limp." Yaani moja inachechemea, fupi, ndefu.

Akatabasamu. Ndiyo mara ya kwanza kumwona meno.

Kwenye viva examiner wa nje, mzee mkavu, akaniuliza wazo la kuunganisha minara lilitoka kitabu gani. Nikamwomba ruhusa, nikapiga meza yake kwa mikono, fupi, ndefu, fupi, ndefu. Nikamuuliza, how many drummers? Akafikiri, akasema two. Nikamwambia hata mama yangu alisema hivyo. Alicheka mpaka akavua miwani.

Distinction, wakuu. Nilitembea kutoka chuoni mpaka stesheni naongea peke yangu, watu wananipisha njia.

Somo langu ni hili: jibu likikukatalia, acha kusafisha data kwanza, rudi ujiulize unahesabu nini. Mimi nilikuwa nahesabu mikono nikidhani ni watu.

Wenye visa vya aina hii shusheni hapo chini, na wataalamu wa rada mnikosoe, ngozi yangu ngumu. Mama nilimpigia siku ileile ya majibu. Alipiga vigelegele mpaka kadi ikakaribia kwisha, halafu akatulia, akauliza kwa huruma kabisa, "Na yule mwenzako wa ngoma ya pili, naye kafaulu?"