Tulimsifu kwa Kukaa Eda, Kumbe Alikuwa Mgonjwa

Siku ya tisa leo tangu tumzike Mwanajuma, na kidole changu bado kinatafuta jina lake kwenye simu nimpigie. Akili imekataa kabisa.

Wallahi, alikuwa na mdomo huyu! Yeye mwalimu, mimi muuguzi, nyumba zetu zapakana hapa Malindi. Nikitoka shifti nampita barazani kwake: "Haya Sista, leo umewadunga wangapi? Maana wewe wadunga watu kama washona gunia!"

Mumewe alipofariki akaingia eda. Miezi minne na siku kumi ndani, bila wanja, bila manukato. Hapo ndipo tulipompoteza, sote tukitazama.

Hakulia. Hakucheka. Sahani ilirudi ilivyokwenda. Salamu aliijibu mara ya tatu. Nasi wanawake wa mtaa tukasema, "Mashallah, huyu ndiye ajuaye kukaa eda." Sauti yangu ilikuwa juu kuliko zote.

Nami nimewahi kukaa eda. Nililia hadi macho yakafura, lakini harufu ya pilau ya jirani ikinifikia, tumbo languruma. Mwanajuma alikuja akaniigizia marehemu mume wangu alivyokuwa akikoroma, nikacheka na machozi yanatoka. Huzuni yangu ilikuwa na mapumziko.

Yake haikupumzika hata saa moja.

Siku moja aliniambia, macho ukutani: "Sista, mwanangu Zuhura akinishika mkono, naona kama ashika mkono wa mtu mwingine."

Miaka thelathini wodini, maneno hayo nilikwisha kuyasikia kwa wagonjwa. Tulifundishwa: wiki mbili mfululizo mtu haoni ladha ya chochote, hapati usingizi, hali chakula, basi mpeleke akaonwe. Mwanajuma alikuwa na miezi.

Nikamjibu, "Subira, mwenzangu."

Siku ya kutoka eda tulimwogesha, tukampa leso mpya. Aliiweka mapajani akakaa vilevile. Bintiye Zuhura, anayeniita Khalati kama dada wa mama yake, akanivuta jikoni.

"Khalati, mama hamezi dawa za presha. Nimpeleke hospitali? Nimeambiwa kuna daktari wa mambo haya Kilifi."

"Daktari wa wazimu?"

"Sikusema wazimu, Khalati."

"Watu ndivyo watakavyosema. Mama yako ana huzuni tu, itakwisha. Rudi Gede ukafungue duka lako."

Akanitii. Angefanyaje? Mimi ndiye Sista.

Wiki tatu baadaye presha ikampiga. Hakuamka tena.

Matangani nilimsikia Zuhura akimwambia mwenziwe, "Mimi ndiye niliyemwacha mama afe." Nilikuwa nyuma yake, kikombe mkononi. Nikageuka nikarudi jikoni. Niliogopa.

Bado naogopa. Moyo wangu umechoka, daktari hakunificha. Miguu imejaa maji, naandika neno moja napumzika. Kinachonitisha si kaburi. Nachelea niondoke kabla sijasema haya, na mtoto huyu abaki na mzigo wangu maisha yake yote.

Zuhura, mwanangu, uliona. Uliuliza. Mimi niliyesomea kazi hiyo nikakuzuia kwa kuogopa midomo ya watu. Ukinichukia sitakulaumu. Usijichukie wewe. Na ukijiona siku zinapita bila ladha, usije kuniuliza mimi, nenda ukaonwe.

Nanyi mnaosoma, mkiwa na mtu ndani aliyenyamaza hivyo, msimsifu. Mkalieni karibu, muulizeni kama akishikwa mkono bado ahisi ni mkono wake.

Mwanajuma, shoga yangu, ulinieleza kwa kinywa chako, nikajifanya sikusikia. Sijui nitakutazamaje tukikutana. Nisamehe kabla sijafika, maana hofu yangu ni kubwa. Mwenyezi Mungu akupe usingizi uliokukimbia miezi ile yote. Lala, mwenzangu. Lala kwa salama.