Ncha ya Kitenge

Rusi wa Bwera hakujua kusoma zaidi ya jina lake na maandishi ya kwenye gunia la sukari, lakini mkasi alikuwa nao na mkasi ulimtii. Alisoma mpaka darasa la pili kule Karusandara, baba yake akamtoa akachume pamba, na tangu siku ile hakumwomba mtu yeyote amsomee kitu. Barua ikija, aliiweka juu ya kabati mpaka mwenye barua aje mwenyewe aseme kwa mdomo. Wengine walikuja. Wengine barua zao ziko juu ya kabati mpaka leo.

Kushona alijifunzia suruali za mume. Marehemu Kataliko alifanya kazi mgodini Kilembe, na suruali za mgodini ziliisha magoti kabla ya mwezi kuisha. Rusi alizitia viraka, viraka navyo vikatiwa viraka, mpaka siku moja Kataliko akacheka: "Mke wangu, suruali iko wapi humu ndani?" Rusi alichukua mkasi. Alizichana zote, akaziunga upya, akatia blanketi kuukuu katikati, akamfunika nalo mtoto wao wa kwanza. Hilo ndilo lilikuwa blanketi lake la kwanza la vipande. Kufikia mwaka wa elfu mbili na kumi na tano, wajukuu kumi na tisa walikuwa wamelala ndani ya kazi ya mikono yake.

Mikono ilikuwa yake, nguo zilikuwa za watu. Mtoto akikaribia kuzaliwa, Rusi alitangaza baada ya kanisa, na Jumamosi wanawake walikuja uani kwake kila mmoja na chake: gauni la arusi ya dada, sare ya kwaya, shati la marehemu baba. Waliketi mikekani kushona na kusengenya. Na sheria ilikuwa moja tu: mwenye nguo hakati. Anayekata ni Rusi. Mwenye nguo, alisema, atakupa mapindo, pale pasipomuuma, na mtoto hafunikwi mapindo ya watu. Basi unaweka nguo yako kwenye ungo, unatazama pembeni, Rusi anapitisha mkasi anapotaka yeye. Wengine walilia kidogo. Hakuna aliyebisha.

Mjukuu wa ishirini alikuwa wa Tsongo, kitindamimba wake, aliyeendesha boda boda pale mpakani mwa Kongo. Mke wa Tsongo aliitwa Marlène, msichana wa Beni, aliyevuka mwaka uliotangulia akikimbia vita. Aliondoka nyumbani na mama yake, akafika Bwera peke yake. Mama aliugua njiani, wakamzika Kasindi, ng'ambo ya mto. Tsongo alimbeba msichana huyo bure siku ya kwanza, na ya pili, na ya tatu, mpaka Rusi akauliza petroli inakwenda wapi. Ndipo akaletewa mkwe.

Rusi alimpenda, ila kusema hakusema. Alimpa kiti chenye mgongo, cha Kataliko, ambacho hata Tsongo hakuthubutu kukikalia. Watoto wengine wote walikuwa wametawanyika, nyumba ilikuwa imebaki na sauti ya kuku. Sasa kulikuwa na mtu wa kumkuta jikoni asubuhi. Rusi alitaka mtoto yule azaliwe akiwa chini ya paa lake, na mama wa mtoto abaki pale hata yeye Rusi akiondoka duniani. Hilo pia hakulisema.

Kosa lilitokea Jumamosi ya kwanza ya kushona. Mara tatu Rusi alikuwa amemwomba Marlène nguo ya kukata, na mara tatu Marlène alijibu, "Nitatafuta, Mama." Rusi akaona huo ni uchoyo. Asubuhi ile aliona kitenge cha Marlène kimetandazwa juu ya ua, cha rangi ya udongo na ndege wa buluu, kinapigwa jua. Wanawake walikuwa wamekwisha kufika, ungo umejaa. Rusi alikwenda, akashika ncha moja, akakata kipande cha upana wa viganja viwili.

Marlène alitoka jikoni na sufuria ya chai. Akaiweka chini polepole.

"Mama, mulikata," akasema kwa Kiswahili cha kwao Beni.

"Nilikata. Nilikuomba mara tatu."

"Mulikata ncha."

"Kitenge kina ncha nne, mwanangu. Bado una tatu, wewe ni tajiri."

Wanawake wakacheka. Marlène hakucheka wala hakulia. Alikiondoa kitenge juu ya ua, akakikunja kifuani, akaingia ndani, na chai ile ikanywewa na inzi. Jumatatu asubuhi alichukua mfuko wake akaenda kwa Marie-Louise, mfanyabiashara wa Butembo aliyepanga chumba karibu na mpaka, akiuza mafuta ya mawese. Marie-Louise alikuwa rafiki wa Rusi na mshoni wa kila Jumamosi, lakini siku hiyo alimfungulia mlango Marlène bila kuuliza, akamtandikia.

"Nenda, Mama, umwambie neno moja," Tsongo alisema jioni.

"Neno gani?"

"Unalijua."

"Mimi najua maneno mengi. Taja lako."

Tsongo akavaa kofia yake ya pikipiki, ndani ya nyumba, akatoka.

Rusi alifikiri kama watu wenye kiburi wanavyofikiri: kitu kimeharibika, nunua kingine, maneno ya nini. Jumatano akapanda gari la asubuhi kwenda Kasese, kile kipande kikiwa kifuani. Binti yake Olivia, aliyesuka nywele pale mjini, aliacha kichwa cha mteja nusu akampeleka sokoni kwa Muniru, ambaye hakuna kitenge kilichopita Kasese asikijue.

Muniru alikishika kipande, akakigeuza, akakisugua kwa kidole gumba.

"Hii ni ya Kongo, ya zamani. Hawaitoi tena." Kisha akakisogeza kwenye mwanga. "Lakini Mama, ulikata hapa kwa nini? Tazama."

Rusi akatazama. Rangi ilikuwa imekwisha kwa mistari mistari, kama mistari ya kiganja, na nyuzi zilikuwa zimelala zimepinda, zisizokubali kunyooka.

"Hapa ndipo mwenyewe alipokuwa anafunga fundo," Muniru alisema. "Miaka kumi, kumi na tano. Kitambaa kinakumbuka. Na hapa chini, huu ulaini, huu si wa fundo. Hii ni mikono. Mikono midogo."

Rusi akapitisha kidole hapo. Alijua mikono midogo inafanya nini hapo. Mama mwenye jembe begani na mzigo kichwani hana mkono wa kumpa mtoto. Mtoto anashika ncha ya kitenge, ndiyo inayomfundisha njia. Yeye mwenyewe alitembea hivyo kwenda kwenye pamba, akiwa hajafika kiunoni mwa mama yake. Akakumbuka pia jioni nyingi za nyumbani: Marlène kwenye kiti chenye mgongo, kitenge mapajani, anasokota ncha moja kwa vidole, ile ile. Rusi alidhani ni uvivu; hakujua kitenge kile kilikuwa cha mama aliyezikwa Kasindi.

"Ninayo inayofanana," Muniru akasema, akinyoosha mkono rafuni.

"Inayofanana wauzie wanaofanana," Rusi akamjibu, akakirudisha kipande kifuani.

Njiani kurudi kituoni Olivia hakumhurumia. "Mama, miaka arobaini unakata nguo za watu. Ya kwako ameikata nani?"

"Mimi natoa blanketi la ndani."

"La ndani ni la mtumba, Mama. Halina hata jina."

Rusi akapanda gari. Mpaka linafika Bwera alikuwa bado anahesabu nguo alizokata.

Chini kabisa ya sanduku lake kulikuwa na kitenge cha kijani alichonunuliwa na Kataliko mwaka mgodi ulipofungwa. Kilivaliwa mara moja tu. Watoto wote walijua: hicho ni cha safari, Mama atazikwa nacho. Alhamisi asubuhi Rusi alikitoa, akakitia kwenye kikapu pamoja na mkasi, akateremka kuelekea mpakani kwa miguu. Vijana wa boda boda walimwita kumpakia. Hakuwaangalia.

Marie-Louise alikuwa mlangoni anapima mawese kwa kikombe.

"Eeh! Mama Rusi! Leo jua imetokea wapi?"

"Mtoto yuko?"

"Iko ndani. Lakini miye nakuambia mbele: kama ulikuja kumugombeza, hii mafuta nitakumwangia."

Marlène alikuwa mkekani anachagua maharagwe, tumbo limemzuia kuinama. Alimwona mamamkwe akasalimia kwa adabu, akarudi kwenye maharagwe. Rusi hakuketi. Alitoa kitenge cha kijani, akakitandaza juu ya mkeka, akaweka mkasi juu yake.

"Kata."

"Nini, Mama?"

"Hiki. Mwenye nguo hakati. Ni sheria."

Marlène alikitambua. "Iko ya kuzikwa kwenu. Tsongo aliniambia."

"Basi nitazikwa na tundu. Kata."

"Wapi?"

"Roho yako inapotaka. Mimi natazama pembeni."

Na kweli akageuza uso, akatazama madebe ya mawese ya Marie-Louise, moja baada ya moja. Alisikia mkasi ukifunguka, ukakaa kimya muda mrefu. Kisha ukalia, kraa, kraa, na kila mlio ulimpita Rusi chini ya mbavu. Kumbe hivi ndivyo ilivyokuwa. Kumbe wanawake wote wale, miaka yote ile, walipokuwa wakitazama pembeni walikuwa wanasikia hivi.

Alipogeuka, Marlène ameshika mkononi ncha ya kijani, kubwa kama kitambaa cha kichwa.

"Umekata kubwa!"

"Hii sheria yenu inasemaka kubwa ao kidogo?"

Marie-Louise alicheka mpaka kikombe kikamwagika.

Ndipo Rusi akaketi. Alitoa kile kipande kifuani, akakilaza juu ya kile cha kijani, akakinyoosha kwa kiganja, akielekeza macho hapo hapo.

"Sikujua ni hapa ulipomshika mama yako," alisema. "Sikujua. Ningeuliza."

"Hamuulizaka, Mama."

Rusi akaitikia kwa kichwa. "Siulizi," akasema. "Ni kweli."

Maharagwe yalikuwa yamesahauliwa kwenye ungo. Rusi akaendelea, sasa kwa sauti ya kazi, maana hiyo ndiyo sauti aliyoijua. "Ncha hii hairudi kama ilivyokuwa, nisikudanganye. Nitaweka yangu chini, yako juu, nishone kwa mishono midogo. Ukipapasa utaikuta. Na kitenge chenyewe hakiguswi tena na mkasi. Unajua blanketi lina mgongo? Vipande vyote hivi vya watu vinashikwa na kitambaa kimoja kizima, nyuma. Mimi huwa nanunua cha sokoni. Hili la kwako… mama yako awe mgongo. Mtoto alale juu yake."

Hapo Marlène akalia. Alilia kwa sauti, kama mtu aliyetua mzigo wa kuni, na Rusi, ambaye hakujua kubembeleza, alichukua ungo akamaliza kuchagua maharagwe yake.

Walipotulia Rusi alisimama. "Basi, twende nyumbani."

"Nitakuja Jumamosi."

"Na leo kuna nini?"

"Na nyinyi mungoje kidogo, Mama. Miye siku tatu nilingojaka."

Rusi aliona uso ule, kidevu kimenyanyuka, macho hayapepesi, akaona kwamba amepata mkwe. Akaenda zake.

Jumamosi alikuwa amefagia ua mara mbili kabla ya umande kukauka. Wanawake walikuja, Marie-Louise hakuwa nao. Rusi aliketi ameipa barabara mgongo, mtu asije akasema alikuwa anangoja, na kwa sababu hiyo ilimbidi asikilize. Zilipita ndala za watoto. Zikapita pikipiki mbili, si ya Tsongo. Wanawake walitazamana wakaongea habari za bei ya chumvi. Jua likafika juu ya paa, na Rusi akashona kipande, na kingine, asijue anashona nini.

Kisha zikaja hatua nzito, za mtu anayeburuta kisigino kwa sababu ya tumbo, na nyuma yake sauti ya Marie-Louise inamwambia mtu aangalie shimo. Wanawake wakainua vichwa. Hatua zikasimama nyuma ya bega la Rusi.

"Mama, munashona upande wa ndani inje."

"Najua," Rusi alisema, ingawa hakujua. Akasogea mkekani, akaacha nafasi kubwa.

Marlène alikuwa amejifunga kile kitenge kiunoni. Akakifungua, akakilaza mapajani mwa Rusi, ncha iliyokatwa juu, na vipande viwili, cha udongo na cha kijani, juu yake. Rusi alipima uzi, akachukua sindano, akaishika hewani.

"Nianzie wapi?" akauliza.

Marlène alishika bega lake ili aweze kushuka chini, akaketi kwa shida, akanyoosha miguu. Kisha akaweka kidole kwenye kitambaa.

"Hapa," alisema. "Polepole."