Taa ya Rangi ya Kucha

Majuzi mjukuu wangu alinipeleka kuona ghala analofanyia kazi, karibu na bandari. Foklifti, ile mashine ya kuinulia mizigo, ilikuwa inarudi nyuma kimyakimya, na doa la mwanga likaitangulia sakafuni mpaka kwenye viatu vyangu. Nikasimama.

"Pita tu, babu, nimekuona!" dereva akasema.

Sikuweza kupita. Mwanga wa namna ile, rafiki yangu, niliuona kwanza utotoni, mtaani Mchafukoge, kwenye ghala la Ami, Mwarabu aliyetupangisha chumba cha uani. Ghala zima lilinukia karafuu na magunia. Bibi yangu aliwauzia wachukuzi chai ya tangawizi na vitumbua, akizunguka na birika katikati ya mizigo. Masikio yake yalikuwa yamekufa zamani. Ukitaka akusikie, umpigie kelele sikioni.

Ndipo Ami akanunua foklifti ya mtumba. Ilivuja oili na kutoa moshi kama jiko la kuni mbichi. Fundi mmoja mtu wa Lindi aliifungua uani kwetu, akabadilisha mipira iliyooza, akafupisha nguzo zake za kuinulia mizigo ili ipite mlangoni. Ikapona. Lakini ikibeba mzigo mrefu dereva haoni mbele, kwa hiyo huendesha kinyumenyume. Siku hiyohiyo ikamkosakosa bibi. Honi ililia, yeye anamimina chai.

"Mama, kuanzia kesho uzia nje," Ami akampigia kelele.

"Nje nimuuzie nani, nzi?"

Usiku ule bibi hakuloweka mchele wa vitumbua.

Asubuhi fundi alifunga taa ya lori bovu nyuma ya mashine, akaiinamisha sakafuni, kioo chake akakipaka rangi nyekundu ya kucha ya mkewe.

"Bi harusi huyo! Anaolewa lini?" wachukuzi wakamtania.

"Akiolewa, nyie mtabeba magunia kwa migongo yenu," akawajibu.

Tangu hapo, wekundu ukimgusa miguuni, bibi alijibana pembeni, birika juu, mashine ikapita.

Alipokufa, na Ami akafuata, ghala nililisimamia mimi. Foklifti ilipoharibika tena niliiuza kama chuma chakavu. Spana nilikuwa nayo mfukoni. Taa ile sikuifungua nibaki nayo. Nilikuwa na haraka, hata sikumbuki ya kwenda wapi. Leo pale pana ghorofa la maduka ya simu.

"Babu, pita basi!" dereva akarudia.

Nikajibana ukutani, mkono juu, mpaka mwanga ukaniacha.