Noti Alizokataa Kuzigusa

Shangazi yangu alikuwa keshia wa benki, na ukoo mzima ulimwita Vidole. Noti ikipita mkononi mwake alijua kama ni halali kabla hajaitazama. Alisema noti ya kweli hukwaruza kidogo pale penye michoro iliyoinuka. Ya bandia huteleza kama kalenda ya ukutani.

Tatizo lilikuwa sisi ndugu zake. Hatukumwacha apumue. Akija kutusalimia, mama anachomoa noti chini ya godoro: "Wifi, hebu nigusie hii." Akienda sokoni, muuza nyanya anamwomba apitishe mkono kwenye mauzo ya asubuhi. Binamu yangu mmoja, bingwa wa vituko, alimpigia simu akaisugua noti kwenye simu ili aisikilize. Mwishowe shangazi akapiga marufuku: nyumbani kwake fedha ya mtu haikaguliwi. Kwa hilo simlaumu. Mimi ninayo Jumapili moja tu ya kumlaumu.

Baba yangu, mdogo wake wa kumfuata, alikuwa seremala. Karakana yake ilikuwa na mashine ya randa, ile ya kulainisha mbao, na ndiyo iliyotulisha. Akaamua kuiuza, aongezee akiba yake apate kubwa zaidi. Mnunuzi akaja Jumapili, benki zimefungwa, akiwa na pikapu, vibarua na bahasha nene ya fedha taslimu. Alikuja na haraka zake pia: ana safari, na kuna mtu mwingine anauza mashine kama hiyo kwa bei ya chini. Baba hakuwa mjinga. Alichomoa noti chache katikati ya bunda, akamwambia asubiri, akavuka barabara kwenda kwa dada yake. Mimi nikamfuata.

Shangazi alikuwa barazani anasukwa, amezungukwa na majirani. Msusi alikuwa amemkaba kichwa, hata kugeuka hakuweza.

"Dada, nakuomba uguse hizi. Mtu ananisubiri na mashine."

"Mdogo wangu, leo siku gani?"

"Jumapili. Ni kugusa tu, dada."

"Basi njoo kesho, upange foleni kama wateja wenzio. Na usisahau kitambulisho!"

Baraza zima likaangua kicheko. Baba naye akacheka, tena kuwashinda wote, maana kutaniwa hakukumuudhi kamwe. Akazirudisha noti mfukoni. Angeweza kumwambia yule mnunuzi arudi kesho, lakini tayari alijiona mwoga mbele ya watu, mtu mzima anayezunguka na noti kutafuta wa kumshikia mkono. Akasaidia mwenyewe kuipakia mashine kwenye pikapu.

Jumatatu alipanga foleni kweli, kwenye dirisha la dada yake, kitambulisho mkononi, ili aujibu vizuri utani wa jana. "Nimefika, mheshimiwa," akasema. Shangazi alikuwa bado anacheka alipolipokea bunda. Noti za juu zilikuwa halali, na za chini pia. Alipofika katikati, uso ulimbadilika.

Utaratibu wa benki hauna undugu. Noti bandia hairudishwi; keshia anaizuia, anaigonga muhuri, anamwita msimamizi, na aliyeileta anakwenda kuandika maelezo polisi. Baba akainamia kitundu cha dirisha: "Dada, nirudishie nimtafute aliyenipa."

"Siwezi. Ukikutwa nazo mitaani utafungwa wewe."

Nimewauliza wengi, na wote wameniambia alifanya sawa. Najua. Lakini alizigonga muhuri kwa mkono wake, moja baada ya nyingine, baba akiwa amesimama palepale. Mnunuzi alikuwa ameshakula kona, simu haipatikani, na baba alishinda kituoni akieleza alivyopigwa changa la macho.

Karakana ikafungwa. Baba akaajiriwa na fundi aliyewahi kuwa mwanafunzi wake, akawa anapiga msasa viti vya wengine. Hakumlaumu dada yake hata kwa neno moja, na hilo liliniuma kuliko kama angemfokea. Alimsalimia, alimuuliza habari za miguu yake iliyokuwa ikimsumbua. Utani tu ndio ulikwisha.

Shangazi naye akageuka mtu mwingine. Marufuku yake aliifuta. Alikagua noti za yeyote, siku yoyote, hata asiyemwomba. Aliwafundisha wauza nyanya kuinua noti kwenye mwanga waone uzi na kivuli cha picha, na kumchelewesha makusudi mnunuzi mwenye haraka. Watu walimsifu sana. Sikumwona akizifurahia sifa hizo.

Mwaka jana baba aliuza kiwanja cha karakana. Shangazi, ambaye sasa amestaafu, alisikia kwa mama. Asubuhi iliyofuata akatufikia bila kualikwa, amevaa nguo zake za kazini, akaomba aletewe fedha. Alizipitia zote pale mezani. Sisi tulivitazama vidole vyake, kama tunasubiri majibu ya hospitali.

"Zote halali, mdogo wangu," alisema, na macho yalikuwa yamemlowa kwa furaha.

"Najua, dada," baba akajibu. "Jana nilizipeleka kwa mwenye duka la simu, ana kifaa cha kukagulia. Sikutaka kukusumbua."

Hakusema kwa ubaya. Laiti angesema kwa ubaya, shangazi angepata pa kuombea msamaha. Aliyapanga mabunda upya, akasawazisha kingo zake kwa viganja, akamsogezea.

"Ulifanya vizuri," akasema.